Afisa apande mlima, na posho yake alipwe

Asubuhi yoyote pale Nyasura, mjini Bunda, kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, magari ya serikali hayakosekani. Mengine yanawahi vikao Musoma, mengine yanaacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea vilima vya Ikizu na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti. Wanaoyatazama yakipita wana swali lao la siku nyingi: huyu anakwenda kazini, au anakwenda kupunga upepo na kuchukua posho?

Mimi sioni kwa nini iwe moja kati ya hayo. Mtumishi aliyeshinda wiki nzima kwenye mafaili, madokezo na vikao ana haki ya kufurahi gari linapoanza kupanda na hewa ya mlimani kumpiga usoni. Akirudi na akili iliyotulia, ofisi imefaidika. Lawama yangu ni kwa safari inayoishia pale gari linaposhindwa kuendelea, wakati kazi yenyewe iko juu zaidi, kwa miguu.

Tarehe 20 Novemba 2015, Rais Magufuli alipozindua Bunge mjini Dodoma, alieleza kuwa safari za nje pekee ziliigharimu serikali shilingi bilioni 356.3 katika miaka miwili ya fedha. Alikuwa na haki ya kukasirika, na wananchi walimshangilia. Ila katika kubana huko, nadhani maofisi mengi yalibaki na fundisho potofu kwamba safari yoyote ni anasa. Fedha ikipungua, cha kwanza kufyekwa ni mafuta ya afisa ugani. Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa maelfu ya pikipiki, jambo jema sana, lakini pikipiki isiyo na mafuta haipandi kilima. Mwaka huohuo serikali ilipandisha posho ya kujikimu kwa safari za ndani, kiwango cha juu kikitoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku. Nayo ilikuwa haki, kwa sababu bei ya chumba na chakula ilikuwa imepanda. Tatizo ni kwamba posho inahesabu usiku uliolala nje ya kituo chako cha kazi. Haihesabu umefika kwa nani.

Ingia ofisi ya kijiji chochote ukafunue kitabu cha wageni. Kuna safu ya tarehe, jina, cheo, mahali mgeni anakotoka, sababu ya kufika, sahihi. Kwenye sababu utakuta neno "kikazi", na chini yake "kikazi", kurasa kwa kurasa. Mgeni anasaini, mtendaji anamgongea muhuri kwenye karatasi atakayoitumia kurejesha masurufu, safari imekamilika kihasibu. Mkaguzi akija atakuta kila kitu kiko sawa. Mama mwenye shamba la mtama juu ya mteremko hakuonana na mtu.

Na huko Bunda kufika shambani ni suala la riziki. Tembo wakitoka hifadhini usiku wakaingia kwenye mtama au mihogo, mkulima anatakiwa kuomba kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga malipo kwa kutazama umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na hazikulipa zaidi ya ekari 5. Kwa hiyo lazima mtu apime umbali, apime eneo lililoharibiwa, na athibitishe kuwa mnyama ni tembo wala si ng'ombe wa jirani. Nyayo hazisubiri, na mvua moja inazifuta. Mabua yaliyolazwa nayo yanakauka, mwenye shamba anayang'oa ili apande tena kabla msimu haujamponyoka. Afisa akichelewa, anakuta shamba safi na mkulima mwenye maneno matupu.

Wapo wanaosema siku hizi mkulima apige picha kwa simu, aitume, fedha ya safari iokolewe. Picha inasaidia, na itumike. Lakini picha haipimi ekari, haimuulizi jirani, haioni kwamba mtaro wa kuzuia maji kwenye mteremko umebomoka na msimu ujao udongo wote utakuwa bondeni. Mambo ya namna hiyo afisa huyaona akiwa njiani kwenda kutazama jambo jingine.

Mkoa huu wa Mara unapaswa kulielewa hili kuliko mikoa yote. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti, akaenda kuzunguka nchi kukijenga chama na kusikiliza watu. Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitoka kwao Butiama kwa miguu hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilomita 200. Najua matembezi yale yalikuwa ya kisiasa. Hata hivyo kiongozi anayepita vijijini kwa mwendo wa miguu anasimamishwa, anaulizwa, anaonyeshwa kisima kilichokauka. Aliyemo ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa hasimamishwi na mtu.

Kwa hiyo napendekeza safari za vijijini ziongezwe, na fedha yake itoke kwenye semina za hotelini. Anayelala kijijini alipwe posho yake yote bila kusumbuliwa risiti ya nyumba ya wageni ambayo kijijini haipo. Anayelala mjini huku kazi yake iko mlimani aeleze sababu. Fomu ya kurejesha masurufu itaje kitongoji alichofika na shauri alilolikuta. Kitabu cha wageni nacho kiongezwe safu moja ya ahadi aliyoiacha mgeni na tarehe ya kuitimiza. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau kila baada ya miezi 3. Safu hiyo isomwe hapo kwa sauti, jina na cheo, mbele ya wenye mashamba.