Usimshike Sungura Masikio

Siku ya soko, pale Chwele au Kitale, utamwona muuzaji akimtoa sungura kizimbani kwa kumning'iniza masikio. Mtoto anayenunuliwa sungura huyo hutazama, na akifika nyumbani hufanya vivyo hivyo. Baada ya juma moja anakuja kulalamika: "Mama, huyu sungura hanipendi. Nikimkaribia tu, anakimbia."

Mpenzi msomaji, hata wewe ungekimbia. Masikio ya sungura ni laini na yamejaa mishipa ya damu. Ndiyo yanayompunguzia joto mwilini, kwani yeye hatoki jasho kama sisi. Kumbeba kwayo ni kumtesa. Isitoshe, miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi ilhali mifupa yake ni myepesi. Akirusha mateke huku akining'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo, na sungura aliyevunjika mgongo aghalabu haponi.

Njia iliyo salama ni hii. Pitisha mkono mmoja chini ya kifua chake, na kwa mkono wa pili beba sehemu ya nyuma ili uzito wake ukae kiganjani. Mwegemeze kifuani pako. Ukimrudisha kizimbani, tanguliza sehemu ya nyuma, la sivyo ataruka na kukuparura. Mtoto mdogo asimbebe akiwa amesimama. Aketi mkekani, kisha mtu mzima amwekee sungura mapajani.

Kuzoeana nako kuna utaratibu wake. Siku 3 au 4 za kwanza mwache ajue sauti na harufu za nyumba yenu. Kisha keti chini karibu naye, kimya, ukiwa na jani la sukuma wiki mkononi. Usimfukuze; mngoje aje mwenyewe. Sungura haoni kitu kilicho mbele kabisa ya pua yake, kwa hivyo peleka mkono kutoka upande, umpapase paji la uso. Mkono unaomshukia kutoka juu, kwake yeye ni mwewe.

Jifunze pia lugha yake. Akipiga chini kwa mguu wa nyuma, ameshtukia hatari. Akikusugua kwa kidevu, anakutia harufu yake, maana amekuhesabu kuwa wake. Akisaga meno taratibu unapompapasa, ameridhika. Wengine humlaza chali, na akitulia husema amesinzia. La hasha! Huko ni kuganda kwa hofu. Na akisusia chakula kutwa nzima, mwite daktari wa mifugo bila kungoja kesho.

Wa Kitale, mkingeni na mvua na upepo wa usiku. Wa Bungoma, ambako jua ni kali zaidi, wekeni kizimba chini ya mti. Joto la bati la mchana humdhuru sungura kuliko baridi.

Sasa nawageukia wazazi. Katika nyumba nyingi za huku sungura ni kitoweo, na hilo si aibu. Ubaya ni kumwambia mtoto, "Huyu ni wako," naye akampa jina, akamkatia nyasi likizo nzima, kisha jioni moja atoke shuleni amkute sufuriani. Mtoto huyo halii kwa sababu ya sungura pekee. Analia kwa kuwa neno lenu limevunjika, na safari nyingine mkimwahidi jambo atasita kuamini.

Amueni mapema, na mtoto akiwapo. Wa kitoweo wawe na kizimba chao, na mwenye jina aachwe aishi. Kumbukeni kwamba akitunzwa vyema anaweza kufikisha miaka 8 au zaidi. Ahadi hiyo si ya likizo moja.

Juma lijalo tutaona jinsi ya kujenga kizimba kwa mabaki ya mbao.