Nani kasema mchumaji chai hana ujuzi?

Kila mara mjadala kuhusu mashine za kuchuma chai unapozuka katika kaunti za Kericho na Bomet, huzuka pia usemi mmoja ambao mimi, nikiwa mhadhiri wa isimu, siwezi kuunyamazia. Wachumaji husemwa kuwa ni watu wasio na ujuzi. Usemi huo umepenya hata madarasani, ambako mwanafunzi mzembe huonywa kwamba asipojitahidi ataishia kubeba kikapu mgongoni.

Mnamo Mei 2023 ghasia zilitokea Kericho. Mashine kadhaa zikateketezwa na mtu mmoja akapoteza maisha. Yaliyofuata yalikuwa mazungumzo juu ya ajira, faida na sheria, na hapana shaka hayo yote ni mambo mazito. Hata hivyo, chini yake ilijificha dhana ambayo ni nadra kuhojiwa, kwamba mashine inachukua nafasi ya misuli tu. Nadai kwamba dhana hiyo ni potofu, na kwamba ina madhara.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mchumaji husimama mbele ya miti ya chai iliyopogolewa ikawa kimo cha kiuno. Katika majani mengi yanayofanana, hutafuta majani mawili na chipukizi. Lililokomaa kupita kiasi halifai. Lililo changa mno huachwa hadi zamu nyingine ya kuchuma. Mikono yote miwili hufanya kazi kwa pamoja, kila mmoja ukiwa na shabaha yake. Vidole hukata, kiganja huhifadhi, na kiganja kikijaa majani hurushwa kikapuni nyuma ya bega bila mchumaji kugeuka. Hivyo ndivyo afanyavyo kutwa nzima.

Wataalamu wameichunguza miendo kama hii kwa zaidi ya karne. Mwaka 1899 Robert Woodworth wa Marekani alionyesha kwamba mkono unaolenga kitu husafiri kwa hatua mbili: kwanza mrusho uliopangwa kabla ya kuondoka, kisha marekebisho yanayoongozwa na jicho karibu na shabaha. Mwaka 1954 mwenzake Paul Fitts alionyesha kwamba kadiri shabaha inavyokuwa ndogo na ya mbali, ndivyo mkono unavyohitaji muda mrefu zaidi. Chipukizi la chai ni shabaha ndogo sana. Mchumaji hodari hawezi kulikuza, lakini hufupisha safari za mkono: hujaza kiganja kwanza badala ya kukimbilia kikapu kwa kila jani.

Lakini swali gumu zaidi ni namna miendo mingi inavyofuatana. Wengi waliamini kwamba mfululizo wa vitendo ni mithili ya mnyororo: kimoja kikimalizika, hisia zake huamsha kinachofuata. Karl Lashley, katika makala ya mwaka 1951 ambayo wanaisimu huirejelea hadi leo, aliipinga imani hiyo. Vidole vya mpiga piano hodari hupishana upesi mno, hata habari za kidole kimoja haziwahi kufika ubongoni na kurudi kabla ya kingine kubonyeza. Sharti pawe na mpango uliotangulia. Mpango wa aina hiyo, alisema Lashley, ndio tunaouona katika sarufi ya lugha.

Mwalimu anaweza kulithibitisha hilo darasani bila gharama. Awaambie wanafunzi watamke "kiti" kisha "kuku", huku wakitazamana midomo. Katika "kuku" midomo huviringika mapema, wakati wa sauti k, kwa kuwa irabu u imekwisha kuandaliwa. Na mtu akiteleza ulimi akasema "chika pai" badala ya "pika chai", kosa lake hufichua kwamba sauti ch ilikuwa tayari kabla ya zamu yake.

Kisha aweke mezani kikombe kilichopinduliwa mdomo chini, amwombe mwanafunzi akisimamishe ili kimiminiwe chai. Yamkini atakishika kwa kuugeuza mkono, kidole gumba kikielekea chini, ili mwishoni mkono ustarehe. Mkono huvumilia adha ya mwanzo kwa ajili ya mwisho uliokwisha kufikiriwa. David Rosenbaum na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1990.

Huko Uingereza, Michael Land na wenzake waliyachunguza macho ya watu waliokuwa wakitengeneza chai, wakachapisha matokeo yao mwaka 1999. Waligundua kwamba jicho hukifikia chombo takriban nusu sekunde kabla ya mkono, na huhamia kingine kabla mkono haujamaliza kazi. Ikiwa kumimina chai kikombeni kunahitaji mpango wa namna hiyo, je, kuichuma kule Konoin au Litein kunahitaji mpango mdogo zaidi?

Mashine, kinyume na hayo, hukata kila kilichofikia kimo chake: jani changa, jani gumu na kijiti. Sisemi ipigwe marufuku. Ni ya haraka, hupunguza gharama, na kazi ya kuinama kutwa nzima chini ya mvua na jua si ya kusifiwa kwa mashairi. Ninachosema ni kwamba mashine imeacha nje sehemu ya kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuchagua.

Jina baya huzaa malipo mabaya. Mtu akishaitwa asiye na ujuzi, huwa rahisi kumwondoa kazini bila kumfunza kazi nyingine, kana kwamba miaka yake ishirini shambani haikumfundisha kitu. Kenya ilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu mwaka 2014, na kuutambua ujuzi uliopatikana kazini ni sehemu ya fikra hiyo. Mchumaji anastahili kupimwa na kupewa cheti kama fundi mwingine yeyote, na awe wa kwanza kufikiriwa katika kazi za kukagua ubora wa majani na kuwafunza wakulima wadogo.

Sisi walimu nasi tuna wajibu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliahidi kuiheshimu kazi ya mikono, na mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 ukairudia ahadi hiyo. Ahadi haitatimia iwapo tutaendelea kuwatishia watoto kwa kikapu ambacho ndicho kilichowalipia wengi wao karo. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Basi tuanze kwa kuuita kwa jina lake.