Ruzuku ya mfuko tumeiona, ya jembe je?

Wadau, niko hapa Mkwawa, Iringa. Baridi kama kawaida, na mitihani ndiyo hiyo inanukia. Leo naomba niweke vitabu pembeni nizungumzie jambo linalonisumbua kila nikisikia "kilimo rafiki wa mazingira" kikitajwa kwenye hotuba. Hela yake inakwenda wapi? Sisemi imeliwa, hapana, msije mkanitafutia balaa bure! Ninachouliza ni hiki: serikali ikitoa hela ya kilimo inalipia nini, na nini hailipii?

Tuanze kwa kutenda haki. Bajeti ya Wizara ya Kilimo mwaka 2021/22 ilikuwa shilingi bilioni 294. Mwaka 2024/25 ikavuka trilioni 1.2. Si haba jamani. Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane kule Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea. Zilitengwa bilioni 150, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea, uliokuwa umepanda hadi kupita laki moja, ukashushwa mpaka 70,000. Mwenye wazazi wanaolima mahindi Laela au Namanyere hahitaji kuelezwa maana ya punguzo hilo, maana pengine ada yake ya shule ilitoka humo humo. Kwa hiyo mtu asinisome vibaya, mimi sipingi mbolea.

Ila angalieni historia yetu. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa 1974, na miaka ile ile serikali ilikuwa ikinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga, pamoja na umbali wote ule, alipata bei sawa na aliye jirani na Dar. Ndipo mahindi yakashika Ufipa na sisi tukaingia kwenye orodha ya mikoa inayolisha taifa. Msimu wa 2008/09 zikaja vocha: mbegu ya mahindi kilo 10, mfuko wa mbolea ya kupandia na mfuko wa kukuzia, serikali inachangia nusu ya bei. Zikaisha 2014. Mwaka 2022 ruzuku ikarudi. Majina yanabadilika, lakini mlango wa kupitishia hela umebaki ule ule: mfuko wa dukani.

Sasa waulizeni wazee wa Ufipa walikuwa wanalisha ardhi kwa nini kabla ya mfuko. Watakuambieni intumba. Kwa msiotoka kwetu, intumba ni matuta ya duara. Mvua zikiwa zimekolea na nyasi zimerefuka, unakata ardhi pamoja na nyasi zake, unageuza, unazifukia ndani ya tuta zioze. Juu unapanda maharage. Msimu unaofuata unavunja tuta, unasambaza ule udongo uliokwisha kurutubika, unapanda ulezi. Nyanda za juu zetu miti ni michache, ule mtindo wa kukata matawi, kuchoma na kupanda kwenye majivu usingewafikisha mbali, kwa hiyo wazee walitengeneza mboji palepale shambani. Roy Willis, yule mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika habari zake. Leo tunafundishwa darasani kwamba kufukia mabaki ya mimea ni kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi. Bibi zetu walikuwa wanafanya, hawakulipwa hata senti, wala hawakupewa cheti cha semina.

Kwa nini imepungua? Kazi! Intumba ni jembe la mkono na mgongo wa mtu. Plau ya ng'ombe ikaja, mahindi yakaja, mbolea ya bei nafuu ikaja. Mtu mwenye akili timamu angechagua nini? Siwalaumu kabisa. Ila mbolea ya naitrojeni ikitumika peke yake mwaka hadi mwaka inazidisha uchachu wa udongo, na sehemu yake hupanda hewani kama oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kilo moja inapasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Udongo wenye mboji ndio unaoshika maji mvua zikikatika Februari. Mfuko peke yake hauwezi hiyo kazi.

Haya, sasa tuteremke kwetu Wampembe, huku chini ziwani. Huku siyo nchi ya mahindi kama juu. Chakula chetu ni muhogo, na kitoweo ni dagaa na migebuka. Mkulima wa muhogo ruzuku ya DAP inampita pembeni kama basi lililojaa. Tatizo letu ni mteremko. Nyuma yetu kuna ukingo wa bonde, na kila shamba jipya likifyekwa huko juu, mvua kubwa ikinyesha udongo unashuka mpaka ziwani. Mradi wa Bioanuwai wa Ziwa Tanganyika, ulioendeshwa kati ya 1995 na 2000, uliitaja tope hiyo kuwa moja ya hatari kubwa kwa viumbe wa kandokando ya ziwa. Na ziwa lenyewe linapata joto. Mwaka 2003 watafiti waliandika kwenye jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini umeshuka kama asilimia 20, wakakadiria kuwa samaki wanaovuliwa hupungua kama asilimia 30.

Mwaka 2024 uvuvi ukasimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Hoja ya kisayansi naielewa. Lakini mvuvi aliyeambiwa apumzishe wavu ana mahali pamoja tu pa kukimbilia, nako ni shamba. Na shamba lililobaki liko wapi? Mlimani! Tunaokoa ziwa kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine tunalijaza tope.

Mtaniambia mipango ipo. Ipo, tena mizuri. Kuna mwongozo wa taifa wa kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi wa 2017. Kuna mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai uliozinduliwa Novemba 2023. Mwaka 2021 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha programu ya dola milioni 200 kupitia benki ya CRDB, ya mikopo na bima kwa wakulima. Lakini mkopo ni mkopo, ndugu zangu, sisi wa bumu tunalijua hilo kuliko yeyote. Mtu akichimba makinga maji leo, faida anaiona baada ya misimu kadhaa, na nusu ya faida hiyo anaipata mvuvi aliye chini yake. Kwa nini akope peke yake kwa faida ya kijiji kizima?

Nadhani ugonjwa ni wa kupima. Mfuko unahesabika: imetoka mifuko kadhaa, wakulima kadhaa, ripoti imekamilika. Sisi wa ualimu tunamfahamu yule mwalimu anayejisifu amewanakilisha wanafunzi kurasa 40 za notisi. Kurasa zinaonekana, ukaguzi anapita, ila muulize mwanafunzi ameelewa nini!

Na kulipia kazi badala ya mfuko si ndoto. Kwenye milima ya Uluguru, mwishoni mwa miaka ya 2000, CARE na WWF waliendesha mradi ambapo wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kutengeneza matuta ya ngazi na kupanda miti, ili maji ya mto Ruvu yashuke bila tope. DAWASCO, waliokuwa wakiuza maji Dar, walikuwa miongoni mwa waliokubali kuchangia. Hoja ilikuwa nyepesi tu: wa chini anamlipa wa juu kwa sababu wote wanatumia mto mmoja. Wampembe sisi tunatumia ziwa moja.

Ninachopendekeza ni hiki. Sehemu ya hela ya ruzuku, hata ndogo, ipelekwe kulipia siku za kazi. Hatuhitaji ofisi mpya. TASAF wana utaratibu wa ajira za muda, kaya maskini zinalipwa kwa kazi za jamii, na hifadhi ya ardhi tayari ni moja ya kazi hizo. Msimu mmoja watu walipwe kuchimba makinga maji na kupanda miti kwenye mteremko wa juu ya kijiji. Huko Ufipa juu, anayefukia nyasi au kupanda mbaazi na kunde kati ya mahindi apewe punguzo kubwa zaidi la mfuko kuliko anayechoma mabaki. Simrudishi mtu kwenye jembe la mkono kwa nguvu, atumie hata ng'ombe, muhimu ardhi ile.

Kuna atakayesema watu watadanganya. Hata vocha zililalamikiwa sana, na mfuko huweza kuvuka mpaka usiku. Tuta la mlimani haliuziki kwa magendo. Bwana shamba akipanda atalikuta, kijiji kizima kinaliona, na mvua ya kwanza itatoa majibu kama lilichimbwa sawasawa.

Hayo ni yangu. Wenzangu wa Mbinga mwenye ngoro zenu, na nyie wa Lushoto na Uluguru, kwenu mambo yakoje? Nani analipwa, na kwa lipi? Tujadili bila matusi.

Nawasilisha.