Msiniulize kasi, niulizeni kazi



Mimi mzima huku Uingereza, ila zamu za usiku zimenibana ndiyo maana kona hii imekuwa kimya. Leo sina stori ya baridi wala ya maboksi. Leo nimekuja na ugomvi, tena wa kifamilia, kwa hiyo vuteni viti.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kumezuka hoja kwamba ndugu tuchange tununue kadi ya grafiki, ile RTX 5090, awekewe mdogo wetu pale nyumbani Morogoro ili aingie kwa nguvu kwenye mradi wa kutafuta namba tasa kubwa. Ushahidi uliotolewa ni jedwali moja la kulinganisha kadi. 5090 ipo juu kabisa, nyingine zinafuata kwa mstari kama watoto wa shule. "Dada, si unaona mwenyewe?"

Naona, mdogo wangu. Naona na bado napinga. Sipingi mradi, maana mimi mwenyewe nimo na kompyuta yangu inahangaika na namba hizo mimi nikiwa wodini. Ninachopinga ni jedwali. Jedwali linalotaja kasi bila kutaja kazi ni uongo uliopigwa pasi.

Kwanza niwaeleze wale wanaodhani tunachimba bitcoin. Hapana jamani! Mradi unaitwa GIMPS, aliuanzisha Mmarekani George Woltman mwaka 1996. Unatafuta namba tasa za aina moja tu: unachukua 2, unaipandisha kipeo fulani, kisha unatoa 1. Kazi inagawanywa kwa watu dunia nzima, kila mmoja anapewa kipande chake, akimaliza anarudisha jibu. Oktoba 2024 ilipatikana 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kutoa 1, namba yenye tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi NVIDIA, akitumia kadi za grafiki alizokodi kwenye vituo vya kompyuta katika nchi 17. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kadi za grafiki kuibuka na namba tasa ya aina hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo jedwali linapowadanganya. Ndani ya mradi huu kuna kazi mbili kubwa, na hazifanani hata kidogo.

Kazi ya kwanza ni kutafuta vigawo. Chukua kipeo 11: 2 kwa kipeo cha 11 kutoa 1 ni 2,047. Inaonekana kama tasa, lakini ni 23 mara 89. Ukishapata 23, basi, namba hiyo si tasa, inatupwa nje. Na huhitaji kujaribu kila namba. Kigawo chochote lazima kiwe mara mbili ya kipeo, zidisha namba fulani, jumlisha 1. Angalieni: 22 jumlisha 1 ni 23, na 22 mara 4 jumlisha 1 ni 89. Kwa kila namba unayoijaribu, kompyuta inamaliza kwa hatua zisizofika 30 hata kama kipeo ni milioni 136.

Kazi ya pili ni kipimo kikubwa. Namba iliyopona kwenye kazi ya kwanza inapimwa yenyewe kama ni tasa, kwa kuzidisha manamba yenye mamilioni ya tarakimu, tena mamilioni ya mara, hatua moja baada ya nyingine.

Kwa lugha ya hospitali, kazi ya kwanza ni ile meza ya mapokezi: joto, presha, mapigo, haraka haraka, watu wengi kwa muda mfupi. Kazi ya pili ni chumba cha upasuaji. Nani kati yenu atachagua kipima joto kwa kuuliza kinavyofanya kazi kwenye chumba cha upasuaji? Ndicho mnachokifanya na hilo jedwali. Tena baya zaidi, jedwali lenu limepimwa kwa magemu, yaani si mapokezi wala upasuaji, ni ukumbi wa disko!

Mnataka mfano? Huu hapa, na namba zake si za kificho.

Mwaka 2018 NVIDIA walitoa RTX 2080 Ti yenye viini 4,352, yaani vile vikokotoo vidogo vidogo ndani ya kadi. Mwaka 2020 wakatoa RTX 3080 yenye viini 8,704. Mara mbili kamili! Watu wakashangilia. Lakini kutafuta vigawo ni kazi ya kuzidisha namba kamili, si desimali. Katika 2080 Ti kila kundi lina viini 64, na kwa pigo moja linazidisha namba kamili 64. Katika 3080 kila kundi limeandikwa viini 128, lakini kuzidisha namba kamili kumebaki 64 kwa pigo. Kadi zote mbili zina makundi 68. Pigeni hesabu wenyewe: 4,352 kwa 4,352. Kwa kazi hii viini "vilivyoongezeka" ni rangi ya ukutani. Tofauti inayobaki inatokana na mengine kama wingi wa mapigo, na wakati huo huo umeme umetoka wati 250 hadi 320.

Mfano wa pili. Mwaka 2019 AMD walitoa Radeon VII kwa dola 699. Mwaka 2022 NVIDIA wakatoa RTX 4090 kwa dola 1,599. Kwa desimali za kawaida, zile za magemu, 4090 inafanya hesabu trilioni 82 hivi kwa sekunde na Radeon VII haifiki 14. Jedwali linasema mchezo umekwisha. Lakini kipimo kikubwa kwa miaka mingi kimetegemea desimali zenye usahihi maradufu. Huko Radeon VII inafanya trilioni 3.4 hivi, 4090 inafanya 1.3 hivi. Kikongwe cha 2019 kinamshinda kijana wa 2022 zaidi ya mara mbili! Si uchawi. NVIDIA kwenye kadi za magemu wameacha uwezo huo uwe sehemu moja tu ya 64, kwa sababu mcheza gemu hauhitaji.

Kwa hiyo ipi ni bora? Swali halina jibu mpaka useme kazi. Ya kazi ya kwanza, 4090 inang'ara. Ya kazi ya pili, hesabu inageuka. Mtu anayekupa safu moja tu ya namba na kukuambia "hii ndiyo bora" anakuuzia kitu, au ameuziwa yeye.

Haya, twende kwenye LUKU, maana naona hapo hamjafika kabisa.

5090 imeandikwa wati 575. Kazi hii haina saa ya kupumzika, mashine inawaka usiku na mchana. Wati 575 kwa saa 24 ni uniti 13.8. Mama yupo kwenye daraja la wateja wadogo wa TANESCO, wale wa uniti 75 kwa mwezi. Uniti 75 gawanya kwa 13.8... siku tano na nusu! Siku ya sita Mama hana bei nafuu, na bado hajawasha taa, friji wala redio yake ya asubuhi. Na hiyo ni kadi peke yake, kompyuta yenyewe sijaihesabu. Joto lake pia linabaki chumbani: ni sawa na pasi ya wati 1,000 unayoiacha imewaka zaidi ya nusu ya siku, kila siku, Morogoro ile ile ya mwezi Januari. Mtanunua na feni? Nayo inakula uniti.

Najua jibu la mdogo wangu, ameshanitumia: "Dada, inakula sana lakini inamaliza haraka." Hoja hiyo ni ya kweli na siikwepi. Kadi mpya mara nyingi hufanya kazi zaidi kwa kila uniti kuliko ya zamani. Lakini umeona umefanya nini? Umeacha kuhesabu kasi na umeanza kuhesabu uniti kwa kila kipande cha kazi. Ndicho ninachopigania tangu mwanzo! Tena ukihesabu hivyo utagundua jambo jingine: kadi inaweza kuwekewa kikomo cha umeme kwenye programu, na ukiipunguzia, kasi hushuka kidogo kuliko umeme unavyoshuka. Yaani mpangilio ulio bora kwa mlipa LUKU si ule uliopimwa kwenye jedwali.

Na "kumaliza haraka" kumaliza nini? Kazi ya vigawo inakwenda kwa ngazi. Kutoka 2 kwa kipeo cha 75 hadi 2 kwa kipeo cha 76 ni ngazi moja, na ngazi hiyo peke yake ni kazi sawa na ngazi zote zilizotangulia ukizijumlisha. Uwezekano wa kupata kigawo humo ni kama 1 kwa 75. Ngazi inayofuata gharama mara mbili, bahati ile ile au pungufu kidogo. Kadi yenye kasi mara mbili inakununulia ngazi moja tu. Moja! Ndiyo maana kuna mahali pa kuacha: pale ambapo kutafuta kigawo kunagharimu kuliko kipimo kikubwa ambacho kigawo hicho kingekuokolea. Na mahali hapo panahama. Zamani kila kipimo kikubwa kilirudiwa na mtu wa pili ili kuhakiki. Tangu 2020 kuna njia ya kuambatanisha uthibitisho unaohakikiwa kwa kazi kidogo sana, kwa hiyo kigawo kimoja sasa kinaokoa karibu kipimo kimoja, si viwili. Jedwali la mwaka juzi halijui hayo.

Sasa zawadi. Mjomba ameuliza kama hela itarudi. Mjomba, shikamoo, na jibu ni hapana. Zawadi ya mradi kwa anayepata namba tasa mpya ya ukubwa wa sasa ni dola 3,000. 5090 ilitoka Januari 2025 kwa dola 1,999, kabla ya usafiri na ushuru. Anayepata kigawo hapati hata senti, anaandikiwa alama na jina. Huu si mradi wa hela, na atakayewaambia ni wa hela mfungieni mlango.

Mama Mkubwa naye kauliza, "Kwani hizo namba zinaliwa?" Haziliwi, Mama. Ila programu ya mradi huu, Prime95, inaisukuma kompyuta mpaka ubovu unajitokeza. Januari 2016 Intel walikiri kasoro kwenye chipu zao za Skylake iliyogunduliwa kwa programu hiyo. Na zipo namba watu walizozitolea jasho kabla ya kompyuta. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1 ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Alifanya kwa mkono! Hakuwa na jedwali la kadi, alikuwa na kalamu na subira.

Ndiyo maana hoja ya "bila kadi kubwa hatuhesabiki" inanikera kuliko zote. Kazi iliyogawanywa ilibuniwa kwa ajili ya wadogo. Kigawo kilichopatikana na mashine ya kijana wa Morogoro ni kigawo sawasawa na cha tajiri. Ukikileta, kinahakikiwa papo hapo na hakuna anayeuliza kadi yako iligharimu ngapi. Sisi tunaotoka makwetu kuja huku tumezoea kupimwa kwa ukubwa wa tunachotuma. Sitaki mdogo wangu ajifunze kujipima hivyo hivyo.

Basi msimamo wangu ni huu. Mchango wa 5090 sitoi. Nitatoa wa kadi ndogo ya wati 75, mfano GTX 1650, ambayo nyingi zake huchota umeme kwenye kompyuta yenyewe bila waya wa ziada. Ikiwaka siku nzima ni uniti 1.8. Hata hivyo kwa mwezi mzima ni uniti 54, kwa hiyo iwake saa nane tu kwa siku, zitakuwa uniti 18 na Mama abaki na zake 57. Umeme ukikatika si msiba, programu huwa inahifadhi ilipofikia. Na nina sharti moja: daftari. Aandike kila kipande kilichomalizika na uniti zilizotumika. Baada ya miezi mitatu atakuwa na jedwali lake mwenyewe, lenye kazi, umeme na jina la mlipaji. Akiniletea hilo na likasema tuongeze kadi, nitafungua pochi bila kelele.

Wanaobisha, karibuni, ila njooni na namba. "Kila mtu anasema 5090 ni kiboko" si namba.

Shikamooni wakubwa wote, wadogo nawabusu. Ngoja nikalale, leo usiku nina zamu.

Tuko pamoja.