Mwili Haujui Kama Ni Dayati au Ukame

Usiniambie sina nidhamu. Siku kumi na mbili nilikula mayai mawili asubuhi, mboga jioni, basi. Usiku wa kumi na tatu nikamaliza anjera sita na bakuli la nyirinyiri, nimesimama jikoni gizani, hapa nyumbani Banissa. Asubuhi nikaapa sitakula hadi jioni. Kosa liko hapo, si kwenye anjera.

Kati ya 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kiliwapunguzia vijana 36 chakula karibu nusu, kwa miezi sita. Walijitolea wenyewe, watu wenye msimamo. Waliporuhusiwa kula, baadhi walikula mpaka wakaugua, na bado wakasikia njaa. Nao tuwaite walafi?

Nyanya yangu hahitaji huo utafiti. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kote Mandera. Anajua mbuzi aliyeponea ukame akiona majani hali kwa adabu. Mwili haujui kama njaa imeletwa na mbingu au na kocha wa TikTok.

Kwa hivyo nyinyi wauzaji wa dayati za siku 21, acheni kutuuzia aibu. Nawe uliyeteleza jana usiku, kunywa chai yako, kula asubuhi kama kawaida. Ukijiadhibu kwa njaa, usiku utarudi jikoni. Na isipoacha, muone daktari, si kocha.

Mimi leo nimekula saa mbili asubuhi, mezani, mbele ya watu.