Sehemu za Machi Hazifiki Septemba: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania

Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MPANGILIO WA MAZOEZI KATIKA VITABU VYA KIADA VYA HISABATI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi ya serikali. Sina maabara wala mashine ya kupiga picha za ubongo. Nina chaki, ubao, na darasa ambalo watoto wanne wanabanana kwenye dawati moja. Nakuandikia wewe kwa kuwa mihtasari na vitabu vya kiada vinatoka kwenu, na ninachoomba hakihitaji jengo, vishikwambi wala mfadhili.

Tatizo lenyewe walimu wenzangu wanalijua. Mwezi Machi tunafundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Watoto wanapewa maswali ishirini ya aina hiyo hiyo, wanayapata, madaftari yanajaa vema, na mwalimu anajaza kwenye azimio la kazi kwamba mada imekamilika. Aprili tuko kwenye desimali. Mei tuko kwenye asilimia. Septemba mtoto yule yule aliyepata yote ishirini anaulizwa nusu jumlisha theluthi, naye anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anaandika 2/5. Ofisini tunamwita mzito. Wapo wanaosema hakuwa anasikiliza. Alisikiliza sana, na daftari lake la Machi ni shahidi. Amesahau, na namna tulivyomfundisha ndiyo iliyomrahisishia kusahau.

Kusahau kuna utaratibu wake, na umeanza kupimwa zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikariri mwenyewe orodha nyingi za silabi zisizo na maana, kisha akawa anajipima baada ya dakika, saa, siku na wiki. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1885 alionyesha kwamba kingi hupotea mapema: siku moja ikipita, kwa kipimo chake, alibakiwa na takriban theluthi. Mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walilirudia jaribio hilo wakapata mchoro unaofanana na wake. Lisilosemwa sana ni kwamba Ebbinghaus huyo huyo aliiona na dawa: marudio yakitawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko yakimalizwa kwa mkao mmoja.

Kwa nini iwe hivyo, watafiti wa ubongo wanaendelea kutufafanulia. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna kiungo kidogo kilichopinda kiitwacho hipokampasi. Umuhimu wake ulifahamika kwa msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953 daktari William Scoville wa Hartford, Marekani, alimpasua kijana Henry Molaison na kuondoa sehemu kubwa ya kiungo hicho pande zote mbili ili kumpunguzia kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo Molaison hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za mambo yanayompata. Mtafiti Brenda Milner, aliyempima kwa miaka mingi, alibaki mgeni kwake kila walipokutana. Ya utotoni, hata hivyo, aliyakumbuka. Kwa hiyo hipokampasi inapokea, lakini si humo mambo yanamohifadhiwa daima. Huimarika polepole kwenye gamba la ubongo, na usingizi una mchango mkubwa. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi zilizofanya kazi pamoja wakati panya akitafuta chakula zilielekea kufanya kazi pamoja tena alipolala. (Wenzangu wanaoendesha kambi za madarasa ya mitihani, watoto wakilala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri, nitawaandikia barua yao.)

Usingizi wa watoto hauko mikononi mwenu. Mpangilio wa mazoezi uko. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Katika hali moja walikisoma mara mbili. Katika nyingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano kusoma mara mbili kuliongoza, 81% kwa 75%. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka 56%, waliorudia kusoma 42%. Sisi tunaopima uelewa mwishoni mwa kipindi tunaona yale ya dakika tano, tunaridhika, tunafuta ubao.

Karibu zaidi na kazi yetu ni utafiti wa Doug Rohrer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020. Huko Florida walichukua madarasa 54, wanafunzi 787 wa darasa la saba. Kwa muda wa miezi minne wote walifanya maswali yale yale ya Hisabati. Tofauti ilikuwa mpangilio: madarasa mengine yalipewa karatasi zenye maswali ya aina moja moja, mengine yakapewa karatasi ambamo aina zimechanganywa. Wote wakafanya marudio. Mwezi mmoja baadaye ukaja mtihani ambao hawakutangaziwa. Waliochanganyiwa walipata wastani wa 61%, wenzao 38%. Hakuna kitabu kipya kilichonunuliwa wala mwalimu wa ziada aliyeajiriwa.

Ukikaa na mtoto anayefanya maswali ishirini ya kujumlisha sehemu utaielewa siri hiyo. Kuanzia la tatu hivi hafikiri tena: anatafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS), anabadili, anajumlisha, anaenda la nne. Hajiulizi kama KDS inahitajika, kwa sababu kichwa cha zoezi kimeshamjibu. Lakini kwenye mtihani, na dukani pia, hakuna kichwa cha zoezi. Swali la kujumlisha sehemu likikaa kati ya la kuzidisha sehemu na la asilimia, mtoto analazimika kwanza kulitambua, na hilo la kutambua ndilo ambalo hatujamfundisha. Karibu kila kitabu cha Hisabati ninachokijua, cha hapa na cha ng'ambo, kinapanga mazoezi kwa mada, moja inaisha ndipo nyingine inaanza, kwa hiyo siwanyoshei kidole ninyi peke yenu.

Najua nitajibiwa kwamba watoto wetu wanapimwa kupita kiasi: majaribio ya wiki, ya mwezi, mitihani ya ujirani mwema, ya kata, ya utamilifu. Ni kweli, nami ni miongoni mwa wanaoisahihisha hadi usiku. Ila mitihani hiyo ni ya kupanga nafasi. Majina yanabandikwa ukutani, aliyeshika mkia anachekwa au anachapwa, na karatasi zinarudi wakati mada imeshapita. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba hofu ya Hisabati inakula nafasi ya kumbukumbu ya kazi, yaani ile tunayoshikilia namba wakati tunazichezea kichwani. Nafasi hiyo ni finyu hata kwa mtu mzima aliyetulia; Nelson Cowan aliikadiria kuwa mambo yapatayo manne kwa wakati mmoja. Mtoto anayewaza fimbo amebakiwa na mangapi?

Kujipima ninakokusema mimi hakuna alama. Kipindi kinaanza, vitabu vimefungwa, ubaoni kuna maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Dakika tano. Watoto wanajisahihisha, wanabishana kidogo, tunaendelea. Hata darasa la watoto tisini linaweza. Kinachonishinda ni kwamba maswali hayo nayatunga mwenyewe kila siku kwa masomo yote, na mthibiti ubora akija ananiuliza mada ipi nimefikia, haniulizi ipi nimeirudia.

Na muda umebana zaidi. Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi imekuwa ya miaka sita badala ya saba. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita mwaka 2027. Mwaka uliopunguzwa ndio ambao wengi wetu tuliutumia kurudia ya nyuma. Marudio hayo sasa yaingizwe ndani ya mada zenyewe, la sivyo hayatakuwepo.

Tahadhari nayo ninayo. Jina la ubongo linauza, na si kila kinachouzwa kwa jina hilo ni utafiti. Watu wanakuja na semina za mtoto wa ubongo wa kulia na wa kushoto, au wa kujifunza kwa macho na wa kujifunza kwa masikio. Walimu wa Uingereza na Uholanzi walipoulizwa katika utafiti wa Sanne Dekker na wenzake wa mwaka 2012, zaidi ya 90% waliamini hilo la pili, ingawa majaribio hayajaonyesha kwamba kumfundisha mtoto kwa mtindo aupendao kunamwongezea chochote. Na mwaka 1997 John Bruer alishaonya kwamba kutoka kwenye seli hadi darasani ni mbali, huwezi kuruka kwa hatua moja. Nakubaliana naye. Ndiyo maana ninaloomba linasimama juu ya majaribio yaliyofanyiwa wanafunzi wenyewe.

Ombi langu ni hili. Chukueni kitabu kimoja, cha Hisabati cha darasa la tano. Msiongeze swali hata moja. Kila zoezi liachiwe maswali machache ya mada mpya, mengine yahamishwe yakakae kwenye mazoezi ya wiki na miezi inayofuata, yakichanganyika na ya mada nyingine. Chapeni nakala za halmashauri chache, za mjini na za kijijini. Nusu ya shule zitumie mpangilio huo, nusu zibaki na wa sasa, na shule zipangwe kwa kura ili asiwepo wa kusema zilichaguliwa zilizo bora. Walimu waelekezwe kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), kwenye jumuiya zetu za kujifunza, kikao kimoja kinatosha. Kisha mwezi mmoja baada ya muhula kufungwa na kufunguliwa, mje na mtihani ambao sisi walimu hatujauona. Matokeo yachapishwe hata kama yatanikanusha.

Shule yangu ikipangiwa kundi lolote kati ya hayo mawili, nitashiriki.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati, shule ya msingi

Nakala: Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania