Nyumba ya mama si makuta ya haraka

Wandugu wafanyakazi, siku hizi mu masite ya Likasi na Kolwezi tunasikia neno moja: nyumba inauzishwa, mama anapelekwa kwa wamasista. Mtoto anayeuzisha naye ni muzee. Alitoka kazini 2003, wakati Gécamines ilianza kuondoa wafanyakazi zaidi ya 10.000 kwa makuta ya Benki ya Dunia. Yale makuta yalikwisha zamani. Nyumba ndiyo ilibakia pansioni.

Sisi wa sendika hatumlaumu. Kumwinua mama mgonjwa usiku, na wewe mgongo unauma, si muchezo. Lakini tuhesabu. Makuta ya nyumba yakigawanywa kwa batoto saba, mwaka wa pili nani atalipa dawa? Na mama akitaka kurudi, atalala wapi?

Sheria ya jamaa ya 1987 inaagiza watoto kuwalisha wazazi walio mu shida. Baba akiwa amekufa, mjane ana haki yake mu nyumba ile.

Basi, mbele ya kutia sahihi, jamaa yote ikae, na mama mwenyewe aseme. Vyumba viwili vipangishwe, vilipe mtu wa kumutunza. Nyumba ikiisha kuuzishwa, hairudi tena.